Halali, Lakini Je, Ni Kizuri? Khabari za Mwani wa Pwani ya Mtwara

Wasomaji wetu walio wengi wakisikia jina la Mtwara hukumbuka korosho, na katika miaka hii ya karibuni hukumbuka gesi. Ni wachache wanaojua kuwa kusini ya mji huo, pale mto Ruvuma unapomwaga maji yake baharini na nchi ya Msumbiji inapoanzia ng'ambo, iko pwani ambayo kwa uzuri wake na wingi wa viumbe vyake ilitengwa na Serikali mwaka 2000 ikawa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Eneo lake lapata kilomita za mraba 650, bahari na nchi kavu pamoja. Wala si hifadhi iliyofukuza watu. Vijiji vimo ndani yake, na misikiti, na madrasa, na makaburi ya wazee.

Njia ya kutoka mjini kwenda Msimbati yapata kilomita 40. Msafiri hupita katika mikorosho na minazi, huiona mitambo ya gesi ya Madimba iking'aa juani kama mji wa chuma uliojengwa shambani, kisha nchi huteremka na mchanga ukawa mweupe, na hewa ya chumvi ikampiga usoni. Anayetaka kuona mwani na aende siku za bamvua, kwani maji mafu hayatoki kiasi cha kumwonyesha kitu. Bamvua likitoka vizuri bahari hurudi nyuma mbali sana, na wanawake huifuata na kanga zao zimekazwa kiunoni, vikapu kichwani, watoto wakubwa nyuma yao.

Shamba la mwani ni jambo jepesi kulieleza, zito kulifanya. Vigingi hukitwa mchangani safu mbili, kamba huvutwa baina yake, na juu ya kila kamba hufungwa matawi madogo ya mwani, kila tawi kwa kijikamba chake. Baada ya majuma kama sita tawi lile lililokuwa kiasi cha ngumi huwa kichaka. Hapo hukatwa, mbegu hurejeshwa kamba, na uliosalia hubebwa pwani kuanikwa. Mzigo uliomwinamisha mtu shingo ukirudi kutoka majini, ukikauka huwa kitu kidogo tu cha kutia guniani. Mashina yenyewe ni ya aina mbili, spinosamu ambao ni mwembamba wenye vijimiba, na kotonii ambao ni mnene na bei yake ni bora zaidi. Mbegu zake zilitoka Ufilipino. Kilimo cha biashara kilianza Unguja, katika pwani ya Paje na Jambiani, mwaka 1989, na katika miaka ya 1990 kikaenea mpaka pwani ya bara. Lakini hata kabla ya hapo watu wa visiwani walikuwa wakiokota mwani wa mwituni na kuuzwa Ulaya, na katika miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikwisha kuutafiti mwani wa pwani yetu na kuwahimiza watu waulime.

Mwani huo huenda wapi? Hupelekwa viwandani ng'ambo, ukatolewa ndani yake utomvu uitwao karajinani, ambao huganda na kushikanisha vitu. Hutiwa katika aiskrimu, katika maziwa ya pakiti, katika nyama ya kopo, katika dawa ya meno. Na hapa pana jambo la kuifurahisha nyumba ya Kiislamu, kwani kigandishaji kitumikacho sana duniani ni jelatini, nayo hutolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama, na mara nyingi mnyama huyo ni nguruwe. Mwani umetuepusha na shaka hiyo. Msomaji akiona juu ya pakiti nambari E407, basi na ajue kuwa huo ni utomvu wa mwani, na kuwa yeye na wanawe wamekwisha kuula miaka mingi bila ya kujua.

Sasa nije katika suala lenyewe. Bibi mmoja niliyemkuta akifunga mbegu, mikono yake haikusita hata kidogo alipokuwa akisema nami, aliniuliza, "Mwanangu, hao wanaoununua mwani wetu, wanaula?" Nikamwambia, "Naam, bibi, wanaula." Akasema, "Na sisi vijana wametuletea khabari kuwa tukiula tutapata maradhi, kwa sababu bahari imechafuka na gesi. Basi ni chakula kwao, kwetu ni sumu?"

Suala hilo halikuwa la mzaha. Wanawake wa makamo wa mahali pale walikuwa wamesikia kuwa wenzao wa Unguja hawauzi mwani mkavu peke yake, bali hutengeneza sharubati, jamu, achari, kachumbari na hata keki, na wao walitaka kufanya hivyo hivyo, kwani bei ya mwani mkavu ni ndogo mno kwa mgongo unaoinama saa nne majini. Waume zao waligawanyika. Wako waliosema ni rizki, na wako waliosema mtoto wa mtu akiumwa tumbo siku ya maulidi nani atabeba lawama? Mtu mmoja alikataa kabisa mwani usiingie jikoni mwake, na dalili aliyoitoa ni kwamba hakumwona babu yake akiula.

Tuanze na sheria, maana hapo pana wepesi. Katika Sura ya Al-Maida Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mawindo ya bahari na chakula chake, na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya maji ya bahari alijibu kuwa ni tohara, na kuwa mfu wake ni halali. Wengi wetu tunakijua kisa cha jeshi la Abu Ubayda, watu mia tatu waliotumwa upande wa pwani, wakaishiwa na chakula mpaka wakawa wanapewa tende moja moja kwa siku, wakala na majani ya miti, kisha bahari ikawatupia samaki mkubwa kama kilima, wakamla kwa siku nyingi, na waliporudi Madina Mtume (S.A.W.) aliwaambia kuwa hiyo ilikuwa rizki waliyotolewa na Mungu. Ama mimea, wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wamesema kuwa iliyo tohara yote ni halali ila ile iletayo madhara au ulevi. Basi aliyesema kuwa mwani hauliwi kwa sababu babu yake hakuula hana hoja. Babu yake hakunywa chai ya pakiti vilevile.

Lakini katika Sura ya Al-Baqara watu hawakuambiwa wale kilicho halali tu. Wameambiwa wale kilicho halali na kizuri. Maneno haya mawili si neno moja. Maji ya kisima ni halali. Kisima kikiingia kinyesi hakuna atakayebishana nawe juu ya asili ya maji, ila hutakunywa. Kwa hiyo suala la bibi yule si la mwani, ni la maji ambamo mwani umekulia, nalo halijibiwi kwa fatwa peke yake mpaka mtu ayajue maji hayo.

Mwani hauna mizizi kama mchicha. Hunywa kwa mwili wake mzima, na kilichomo majini huingia ndani yake, kizuri na kibaya. Ndiyo maana una madini mengi yafaayo, na ndiyo maana pia waweza kukusanya risasi, zebaki, kadimiamu na arseniki mahali ambapo viwanda na migodi imemwaga taka. Tena mwani wa aina mbali mbali hautofautiani kwa sura tu. Uko mwani mweusi wa Japani uitwao hijiki ambao hukusanya arseniki ya aina mbaya hata katika maji yasiyo na kiwanda, na mwaka 2004 idara ya chakula ya Uingereza iliwaonya watu wasiule. Uko mwingine wa huko huko, kombu, wenye madini joto mengi kupita kiasi. Na madini joto yakipungua mtu hupata rovu, yakizidi nayo huharibu tezi hiyo hiyo ya shingo. Mwani wetu wekundu, spinosamu na kotonii, si wa jamaa hiyo. Mtu asome khabari ya hijiki asije akaitundika shingoni mwa mwani wa Msimbati.

Basi maji ya pwani hii yakoje? Mkondo mkubwa wa bahari utokao mashariki, ukivuka Bahari ya Hindi, hulipiga bara la Afrika karibu na Ras Delgado, kusini kidogo tu ya mdomo wa Ruvuma, ukagawanyika, sehemu ikaenda kusini na sehemu ikapanda kaskazini kupitia Mtwara mpaka Dar es Salaam na Mombasa. Maana yake ni kwamba maji yanayoifikia pwani hii ni maji ya bahari kuu ambayo hayajapita katika bandari ya mtu yeyote. Watu wa Mtwara ndio wa kwanza kuyapokea. Katika miji mingine ya pwani yetu maji hufika yakiwa na salamu za jirani.

Ama gesi, ambayo ndiyo iliyotiwa ulimini zaidi, iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na tangu mwaka 2015 hupelekwa Dar es Salaam kwa bomba kutoka Madimba. Gesi hiyo ni methani karibu yote. Methani si mafuta mazito ya kuganda juu ya matumbawe. Ikivuja majini hupanda kama povu ikaenda zake hewani, na mwani hauilimbikizi. Sisemi kuwa kuchimba visima hakuna madhara, kwani matope ya kuchimbia na mafuta ya mashine ni mambo ya kulindwa, na wanakijiji wana haki ya kuuliza na kujibiwa. Nasema tu kuwa aliyesema mwani una sumu ya gesi amemtuhumu asiye mkosa.

Na mto je? Ruvuma unatoka katika milima ya Matogoro karibu na Songea, ukapita mamia ya kilomita, na mvua zikinyesha, tangu kama Desemba mpaka Aprili, hushuka mwekundu kwa udongo. Humo mna dawa za mashambani zilizosombwa na taka za kila kijiji. Lakini Mola ameweka mpaka wa ajabu, kwani mwani hauvumilii maji baridi. Ukipandwa mahali ambapo maji ya mto yanapunguza chumvi hulegea, huwa mweupe, ukakatika. Mikoko ndiyo inayokaa pale mdomoni, nayo mizizi yake huyashika matope. Na mashamba yako mbali, nyuma ya miamba, katika maji ya chumvi khalisi. Mkulima hahitaji kuambiwa asipande mtoni. Mwani wenyewe umekwisha kumwambia. Unga wa salfa wanaopulizia mikorosho, ambao wakati wa kupuliza huijaza hewa ya Mtwara yote harufu yake, hauna khatari kubwa kwa bahari, maana bahari kwa asili ina chumvi za salfa nyingi. Dawa za kuulia wadudu ndizo za kuogopwa, wala kopo lake lisioshwe kijitoni.

Khofu yangu haikuwa Msimbati, ilinijia niliporudi mjini. Bandari ya Mtwara ni ya kina kirefu, ilijengwa kwa ajili ya ule mpango mashuhuri wa karanga baada ya Vita vya Pili, na katika miaka ya karibuni imekuwa ikipakia makaa ya mawe yatokayo upande wa Songea. Vumbi la makaa si kitu cha kuanika chakula karibu nacho. Tena ghuba za Mtwara na Mikindani zimejifunga. Maji yake hayabadilishwi upesi kama yale yaliyo wazi, na maji ya mvua yashukayo kutoka mitaani hukaa humo. Mwani wa kuuza kiwandani una mashine za kuusafisha. Wa kula nyumbani hauna ila mikono ya mama. Mimi nisingemlisha mwanangu mwani uliolimwa mbele ya gati au mbele ya mfereji wa mji, hata kama bei yake ni bure.

Na kuna uchafu mwingine ambao hauna bandari wala kampuni ya kulaumiwa. Katika vijiji vingi vya pwani yetu, kutoka Vanga mpaka Msimbati, wako watu ambao bado pwani ndiyo choo chao. Mtume (S.A.W.) ameonya vikali juu ya mtu afanyaye haja penye maji watu wanapoteka, na njiani, na kivulini watu wanapopumzika. Mwani huanikwa mchangani, mbuzi wakapita juu yake, kuku wakaparura. Kisha mama huukusanya akautia sufuriani. Ikiwa mtoto ataumwa tumbo hapo, atalaumiwa mtambo wa Madimba. Vijidudu vya kuhara hufa kwa kuchemshwa vizuri, na chanja ya miti iliyoinuliwa juu ya ardhi huwazuia mbuzi. Ni kazi ya siku moja kuijenga.

Hata hivyo moto hauondoi kila kitu, na hapa nawaomba akina mama wasome kwa makini. Madini kama risasi hayafi kwa kuchemshwa. Wala hazifi baadhi ya sumu zinazotengenezwa na viumbe vidogo vya bahari. Katika kisiwa cha Guam, mwaka 1991, watu 13 waliugua na 3 wakafa kwa kula mwani mwekundu ambao watu wa huko walikuwa wameuzoea siku zote. Siku hiyo tu ulikuwa na sumu ambayo macho hayakuiona. Haukuwa mwani wa jamaa tunayoilima sisi, lakini khabari yake inatufunza kuwa mazoea si dhamana. Na hapa kwetu hatuhitaji kwenda Guam. Mwezi wa Machi 2024, katika Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki kwa kula nyama ya kasa, na mwaka 2021 watu 7 walikuwa wamekufa kisiwani Pemba kwa sababu hiyo hiyo. Nyama ile ilipikwa, ikaiva. Kasa mwenyewe analindwa na sheria ya nchi, na wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya kuliwa kwake, kwa hiyo ilikuwepo milango miwili ya kujizuia kabla ya kufika kaburini. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Niliporudi Msimbati nilimwambia bibi yule nililolipata. Mwani uliokitwa na kulimwa katika maji ya wazi, mbali na mto, na mji, na choo, na uliwe. Ukatwe ukiwa hai, mgumu, wenye rangi yake. Ulioanza kulegea na kuwa mweupe uachwe. Usiokotwe uliotupwa na mawimbi, maana hakuna ajuaye ni wa aina gani na umeelea wapi. Uoshwe kwa maji ya bahari ya mbele, si ya ukingoni, kisha kwa maji baridi mara kadhaa, vijikamba na vipande vya plastiki viondolewe, uchemshwe. Uwe kitoweo cha mara moja moja, si ugali wa kila siku. Na mwenye maradhi ya tezi, na mja mzito, aulize kwanza hospitali. Akanisikiliza, kisha akasema, "Hayo ya kuosha tunayajua. Ya kuanika chini ndiyo hatukuyafikiri." Akamwita mjukuu wake akakate miti.

Lipo jambo moja ambalo mikono ya bibi haiwezi, nalo ni kupima. Anayetaka kuuza jamu au achari katika maduka hana budi kwenda kwa Shirika la Viwango la Taifa, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lililokabidhiwa usalama wa chakula upande wa bara; na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina taasisi yake ya sayansi za bahari Unguja tangu mwaka 1978, ambayo watu wake wanaujua mwani kuliko sisi sote. Kipimo kimoja hakitoshi, kwani maji ya kusi si maji ya kaskazi. Na wakati wenyewe ni huu. Kaskazini ya Mikindani, katika pwani ya Naumbu na Mgao ambako pia wanawake hulima mwani, Serikali imepanga kujenga bandari ya Kisiwa Mgao kwa ajili ya shehena chafu, makaa na saruji, ili ile ya mjini ipumue. Ni mpango wenye maana. Lakini meli zikikwisha kuzoea kutia nanga hapo, nani atajua mwani wa Mgao ulikuwaje kabla yake? Chupa chache za maji na kilo chache za mwani, zikichukuliwa Msimbati, Naumbu na Mgao katika bamvua moja na kupelekwa maabara, zatosha kuandika kipimo cha kwanza; na mwaka wa pili, katika bamvua lile lile, zichukuliwe tena mahali pale pale.